Vyuma mguuni na darasa la kwanza: uchambuzi wa kisa kimoja cha Mkoani, Pemba

Swali lililotufikia mwishoni mwa Januari lilikuwa hili: mtoto wa kike wa miaka 7, mguu wake wa kushoto umezungushwa pete za chuma za kuurefusha, kutoka chini ya goti hadi juu ya kifundo, aanze darasa la kwanza sasa au akae nyumbani mpaka vyuma vitolewe? Skuli ilikuwa imeshajibu. Mwalimu mkuu alimwambia mama kwa upole kabisa: "Mtoto bado mgonjwa. Akitolewa vyuma mlete, nafasi yake ipo." Baba aliliona jibu hilo la busara. Bibi aliliona la huruma. Mama ndiye hakuridhika, akaja kututafuta sisi walimu washauri wa elimu mjumuisho, yaani ya kuwasomesha watoto wenye ulemavu pamoja na wenzao.

Naandika kisa hiki kwa ruhusa ya wazazi, bila jina la mtoto wala la kijiji. Jibu la "apone kwanza" nimelisikia kwa watoto wengi wa kila namna, na kwa mtoto huyu lingemdhuru mara mbili: lingemkosesha miezi ambayo wenzake wanafundishwa kusoma, na lingemkosesha kutembea wakati mfupa wake ulikuwa unahitaji kubebeshwa uzito.

Nianze na mguu wenyewe. Mtoto alizaliwa na miguu iliyolingana. Akiwa mchanga alishikwa na homa kali, goti likavimba, usaha ukatoka. Yalikuwa maambukizi ya mfupa. Dawa zilimponya, ila maambukizi yalikwishaigusa ile sehemu ya gegedu (mfupa laini) iliyo kwenye ncha ya juu ya muundi, yaani mfupa wa ugoko, jirani na goti, ambako ndiko mfupa unakokulia. Sehemu hiyo hutoa zaidi ya nusu ya urefu wa muundi. Ikijeruhiwa, mguu hauachi kukua ghafla, bali unabaki nyuma ya mwenzake kidogo kidogo, mwaka hadi mwaka. Alipofika miaka 7 tofauti ilikuwa sentimita 4 na nusu. Alikuwa akitembea kwa ncha ya vidole, nyonga imelala upande mmoja.

Kijijini kulikuwa na maneno kwamba mtoto kaumbwa hivyo na wazazi wanataka kumtengeneza upya. Hakuumbwa hivyo, aliumwa. Na hata angezaliwa hivyo, kumtibu kusingekuwa na aibu yoyote.

Tofauti isiyofika sentimita 2 mara nyingi haihitaji kitu, au inatosha soli ya kuongezwa. Fundi viatu wa Chake Chake alimpandishia mtoto huyu soli ya mpira ikawa nzito, akawa anajikwaa nayo kwenye vilima vya huko kwao. Isitoshe, mguu wa kulia uliendelea kukua kwa kasi yake na wa kushoto kwa kasi ndogo, kwa hiyo pengo lingefika pahala ambapo kiatu hakiwezi tena kulifidia.

Upasuaji ulifanyika Dar es Salaam wiki ya kwanza ya Desemba. Njia iliyotumika ni ya Gavriil Ilizarov, daktari aliyeianzisha mwanzoni mwa miaka ya 1950 huko Kurgan, Siberia. Mfupa hukatwa kwa uangalifu, pete za chuma hufungwa nje ya mguu kwa waya nyembamba zinazotoboa nyama na mfupa upande hadi upande, kisha hungojwa siku 5 hadi 7 ili mfupa uanze kujiunga. Hapo ndipo nati zinapoanza kuzungushwa, robo milimita kila mara, mara nne kwa siku, jumla milimita 1. Mfupa mpya hujijenga ndani ya pengo linalofunguka. Ukienda mbio, mfupa haujengeki na neva zinaumia. Ukienda pole mno, mfupa unaunga kabla ya wakati wake. Baba, ambaye alikuwa na wasiwasi kuliko wote, alitulizwa na habari za Valery Brumel, bingwa wa Olimpiki wa kuruka juu mwaka 1964. Huyu alivunjika mguu vibaya kwa ajali ya pikipiki mwaka uliofuata, akatibiwa na Ilizarov mwenyewe, na akaruka tena.

Sasa hesabu. Mguu ulivutwa sentimita 4, na kwa milimita 1 kwa siku hizo ni siku 40. Zikiisha hizo, nati haziguswi tena, lakini vyuma vinabaki ili mfupa mchanga ukomae, na ukomavu huo huchukua muda mrefu kuliko kuvuta kwenyewe, mara nyingi kama mara mbili yake. Watu wengi, walimu tukiwemo, huviona vipindi hivi viwili kama ugonjwa mmoja kwa sababu kwa macho mguu ni ule ule na vyuma ni vile vile.

Kwa mtoto havifanani hata kidogo. Kipindi cha kuvuta ndicho kigumu. Mfupa unarefuka lakini misuli, mishipa ya damu na neva navyo vinalazimishwa kufuata, na misuli ya shavu la mguu ndiyo inayolalamika kuliko yote. Mtoto analia usiku. Unyayo unaanza kuelekea chini kama wa mcheza kandanda anayepiga mpira kwa ncha ya kiatu, na usipozuiwa unaganda hivyo hivyo. Kila wiki moja au mbili anahitaji eksirei na daktari. Wakati huo mama na mtoto walikaa kwa mama mdogo wake Temeke, na mama ndiye aliyeshika spana. Alinieleza kwamba mwanzoni mkono ulimtetemeka, baadaye akamfundisha mtoto kuhesabu "moja, mbili, tatu" na kuzungusha kwenye tatu, ili isiwe jambo analofanyiwa bila kujua.

Skuli zilifunguliwa Januari nati zikiwa bado zinazungushwa. Mama aliumia kuona tarehe inapita, akataka kurudi Pemba mtoto asikose siku ya kwanza. Daktari alikataa, na nasema wazi kwamba alikuwa sahihi. Wiki tatu za kuchelewa katika kipindi hicho zilikuwa hasara ndogo. Miezi mitatu ya kusubiri iliyopendekezwa baadaye na skuli ndiyo ingekuwa hasara kubwa. Umri wa kuanza darasa la kwanza Zanzibar ni miaka 6. Yeye alikuwa na 7 tayari kwa kungojea upasuaji, na aliyeingia darasani Mei hupewa daftari na kuketi, lakini silabi zimeshapita.

Jambo moja lingeweza kuwa jepesi zaidi. Hakuna aliyewaambia wazazi kwamba tarehe ya upasuaji wa namna hii inaweza kuombwa. Haikuwa dharura. Ungefanyika Septemba, siku 40 za kuvuta zingekwisha kabla ya Disemba na mtoto angeingia darasani na wenzake siku ya kwanza. Mzazi akipewa tarehe na spitali huichukua kama amri, naye hana kosa.

Kikao na skuli kilikuwa kifupi kuliko nilivyodhani. Sheria ya Mtoto ya Zanzibar, Namba 6 ya 2011, ilikuwa upande wa mama, lakini sikuiweka mezani, kwa sababu mwalimu mkuu hakuwa anamkataa mtoto. Alikuwa anaogopa. Je, akianguka? Vyuma vikilegea? Akitoka damu darasani nani ataulizwa? Hofu ya mtu mwenye wanafunzi mamia haiondolewi kwa sheria. Iliondolewa na karatasi moja kutoka kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, kwa Kiswahili cha kawaida: mtoto huyu anatakiwa akanyage mguu wake kwa msaada wa magongo, haruhusiwi kukimbia, kuruka wala kupanda, akianguka, mwinueni na mtazame kama anakanyaga tena, asipokanyaga, pigeni namba hii. Mwalimu mkuu aliisoma mara mbili, akaibandika ndani ya kabati la ofisini.

Aliyebaki ni bibi. Yeye alikuwa amempokea mjukuu bandarini na tangu siku hiyo alimbeba, chooni, barazani, kitandani. Mtoto wa miaka 7 na vyuma vyake si mzigo mdogo kwa mwanamke wa umri ule, na sikuwa na moyo wa kumwambia anakosea. Nilipogusia kutembea alinijibu: "Mwanangu, utamwona mwanao ana misumari mguuni umwambie kanyaga?" Mtaalamu wa mazoezi hakubishana naye. Alimwomba aweke kiganja chake sakafuni, mtoto aweke unyayo juu yake na akandamize pole pole, na bibi aseme akihisi uzito. Mtoto akakandamiza. Bibi akamtazama usoni, si mguuni.

"Yauma?"

"Hauumi sana, bibi. Usiku ndo wauma."

Tangu hapo bibi ndiye aliyekuwa akimhesabia hatua kutoka mlangoni hadi kwenye mwembe. Mfupa mchanga ndani ya pete hizi hukomaa vizuri zaidi ukibebeshwa uzito. Pete zinashika, waya zinapinda kidogo kwa kila hatua, na mfupa unapata taarifa kwamba unahitajika. Mtoto aliyebebwa muda wote anakuwa na mguu mrefu na dhaifu.

Darasani kulikuwa na mambo ambayo hakuna karatasi ya daktari inayoyataja. Darasa la kwanza la skuli hiyo hukaa kwenye mikeka, na mtoto huyu hawezi kukunja miguu. Akaletewa kiti. Siku za mwanzo kiti kikawekwa nyuma, ukutani, ili asigongwe, na mwenyewe akawa yuko juu peke yake, kichwa chake kinapita vya wenzake wote, kama mkaguzi aliyekuja kutazama somo. Hakusema neno siku hizo. Mwalimu wa darasa, mwanamke mwenye macho ya kuona, hakungoja ushauri wetu. Alileta ubao mrefu wa kukalia kutoka madarasa ya juu, akauweka pembeni karibu na ubao wa kuandikia, akawaketisha watoto wanne, huyu akiwa mwisho upande wa ukuta na mguu wake umenyooshwa juu ya kigoda. Jirani zake walibadilishwa kila wiki. Kukaa kwenye ubao kukawa heshima inayogombewa.

Zoezi la kifundo ndilo lililonifurahisha kuliko yote. Mtaalamu alikuwa amemwambia mama amvute unyayo kuelekea juu mara nyingi kwa siku, kazi ambayo mama hawezi kuifanya mtoto akiwa skuli. Mama alichana kipande cha kanga kuukuu, akakipitisha chini ya unyayo, ncha mbili akampa mtoto mikononi. Walimu wa darasa la kwanza wanajua kwamba silabi huimbwa. Mwalimu akaanza: ba, be, bi, bo, bu; na kila mstari ukiisha mtoto anavuta kanga, anashikilia mpaka mstari unaofuata umalizike, analegeza. Wenzake wa kwenye ubao walivuta mitandio yao hewani pamoja naye. Asubuhi moja ya silabi ilimpa mazoezi mengi kuliko jioni nzima ya kubembelezwa nyumbani, na hakuna aliyelia.

Lakini choo kilikaribia kutushinda. Mama alikuwa anampa chupa ya maji kila asubuhi, na kila mchana chupa ilirudi imejaa. Alidhani mtoto anasahau. Hakuwa anasahau: choo cha skuli ni cha kuchuchumaa, naye hawezi kuchuchumaa, kwa hiyo aliamua asinywe kitu mpaka arudi nyumbani. Mtoto wa miaka 7 aliipanga hesabu hiyo peke yake na hakumwambia mtu. Nawaomba walimu, mtoto yeyote mwenye tatizo la mguu akianza skuli, swali la kwanza liwe la choo, kabla ya kiti na kabla ya njia. Ufumbuzi haukugharimu fedha ya maana. Kiti cha plastiki kilitobolewa katikati kwa kisu kilichopashwa moto, kingo zikasuguliwa zisimkwaruze, kikawekwa juu ya tundu, na fundi akapigilia ubao ukutani wa kushikia. Msichana wa darasa la tano akapewa kazi ya kumpelekea maji. Baada ya wiki chupa ilianza kurudi tupu. Kiti hicho bado kipo, na mwalimu mmoja mwenye maumivu ya magoti anakitumia.

Vyuma vifichwe au vionekane? Mama alimshonea sketi pana ya sare iliyofika chini kabisa, na nia yake naielewa. Siku ya pili mtoto mwenziwe akikimbilia mlangoni aligonga pete kwa goti, wote wawili wakalia, kwa sababu aliyegonga hakujua kuna nini chini ya sketi. Mwalimu aliomba ruhusa ya mama na ya mtoto mwenyewe, kisha akawaonyesha darasa zima: hizi ni pete, hizi ni nati, hizi waya zimeingia mfupani, mfupa umeongezeka kiasi hiki, akapima kwa rula ubaoni. Mtoto mmoja akauliza kama simu inashika mtandao vizuri akiwa karibu naye. Maswali yakaisha, na lile jina la "roboti" lililokuwa limeanza kunong'onwa likafa lenyewe. Sketi ikapasuliwa upande na kuwekwa vifungo. Kitambaa safi kilibaki juu ya vyuma kwa ajili ya nzi na vumbi, wala si kwa ajili ya kuficha.

Kwenye waya ndiko maradhi yanakopitia. Kila waya ina tundu mbili kwenye ngozi, na kila tundu linahitaji kusafishwa na kukaushwa. Mwezi Machi masika ilipoanza, njia ikawa tope, na maji yakawa yanarukia mguuni. Asubuhi moja mwalimu aliona kwamba mtoto ambaye jana alikuwa anakanyaga leo ananing'iniza mguu. Dalili hiyo naitaka ikumbukwe, maana watoto hawasemi: aliyekuwa anakanyaga akiacha kukanyaga, tazama matundu siku hiyo hiyo. Tundu moja lilikuwa jekundu, linavuja majimaji. Kabla ya kupelekwa spitali, jirani mmoja mwenye nia njema alileta mafuta ya karafuu, bibi akapaka. Karafuu ni kitu chetu na kila nyumba ya Pemba ina imani nayo, lakini mafuta yake makali huchoma ngozi iliyojeruhiwa. Uwekundu ukaenea, na mganga wa zamu akashindwa kwanza kujua upi ni wa maambukizi na upi ni wa mafuta. Mtoto alipewa dawa ya kumeza, akakosa skuli siku chache, tundu likakauka. Baada ya hapo baba alimpeleka na baiskeli siku za mvua, mtoto ameketi kwenye keria kwa upande, mguu wa vyuma uko nje, mbali na spoku, na umefungwa mfuko wa turubai.

Vyuma vilitolewa Dar es Salaam mwishoni mwa Aprili, ikafuata plasta ya wiki kadhaa. Aliporudi bila plasta skuli nzima ilishangilia, na mwalimu mkuu, yule yule, alimpokea getini. Hapo ndipo tulipohitaji kuwa wakali, na ilikuwa vigumu kuwaeleza watu. Kwa miezi yote ile pete zilikuwa zinabeba sehemu ya uzito. Zikitolewa, mfupa mpya unabaki peke yake, ukiwa na alama za matundu ya waya, na kuvunjika baada ya vyuma kutoka ni tatizo linalojulikana vyema katika tiba hii. Mtoto anahisi mwepesi na anataka kucheza nage. Wenzake wanaona amepona. Mwalimu aliyekuwa akimlinda anapumua. Tuliongeza ulinzi badala ya kuupunguza: hapana kuruka kamba, hapana nage, magongo yaendelee, mpaka eksirei ionyeshe mfupa umejaa pande zote. Alinuna. Alikasirika na mwalimu wake kwa mara ya kwanza tangu aanze skuli, na mwalimu aliivumilia hasira hiyo.

Kufikia Julai alikuwa anasoma maneno ya silabi mbili na tatu, si wa kwanza darasani wala wa mwisho. Kifundo kinakunjika pungufu kidogo ya cha kulia, kanga bado ipo kwenye mkoba. Tofauti ya miguu ni nusu sentimita, na anakanyaga kwa kisigino.

Wazazi wameelezwa, na sisi tumeandika kwenye faili lake la skuli, kwamba gegedu lililoharibika halikurudi. Mguu wa kulia utaendelea kumpita wa kushoto kadiri anavyokua, na huenda akahitaji kuvutwa tena kabla ya kufika utu uzima. Faili linataja choo, kiti, kanga na wiki za hatari baada ya vyuma kutoka, ili mwalimu atakayekuwa naye wakati huo asianze upya. Mama ameshamuuliza daktari kama safari ijayo nati zinaweza kuzungushwa wakati wa likizo ya Disemba, na katika mwaka usio na mtihani wa taifa. Amejibiwa kwamba inawezekana akiomba mapema, na kwamba miguu itapimwa tena Januari.